Kiti Chini ya Daraja la Mto Mtulivu

Ukiitafuta nchi hii kwenye ramani utapoteza muda wako. Ramani zake zote ziko Wizarani zinafanyiwa marekebisho, na mpaka zitakapotoka wananchi wameombwa waendelee kukaa pale pale walipo. Ni nchi nzuri. Ina reli, ina Mtukufu Kiongozi, ina mawaziri wengi kuliko mabehewa, na ina mto mmoja mkubwa ambao zamani, enzi za ujinga, wenyeji waliuita Mlang'ombe. Serikali ilipoona jina hilo linawatisha wawekezaji ilipitisha sheria ya kulibadili. Tangu hapo unaitwa Mto Mtulivu. Kibao cha chuma kimesimikwa ukingoni, maandishi yake yameuelekea mto wenyewe, usije siku moja ukasema haukuambiwa.

Katika nchi hiyo aliishi mhandisi mmoja wa Shirika la Reli, Kondo Mwinchumu. Kwao Kondo ni jina la vita. Hupewa mtoto aliyezaliwa watu wakipigana, na huyu alizaliwa siku majirani walipokuwa wakigombea mpaka wa shamba. Lakini vita vilibaki kwenye jina. Mwenyewe alikuwa mwoga wa kupindukia. Aliogopa mbwa, aliogopa bahasha yenye mhuri, aliogopa simu ikilia na aliogopa zaidi ikinyamaza. Na zaidi ya vyote aliogopa maji, ambayo ndiyo yaliyokuwa kazi yake.

Tangu atoke chuoni alikuwa akichora mitaro, makalvati na matundu ya madaraja, yaani kusema ni maji kiasi gani yatapita chini ili treni ipite juu. Ni kazi inayomfaa mwoga. Mtu jasiri akikuta mto una maji ya kifundoni huvuka akaenda zake. Kondo akiukuta mto huo huo huinua macho kwenye matawi ya miti ya ukingoni, kuona kama kuna nyasi kavu zilizonasa huko juu, na kujiuliza nani alizipeleka. Akishaziona, hawezi kula chakula cha mchana. Madaraja yake yote yalikuwa yamesimama, na daraja likisimama hakuna anayeuliza nani alilichora. Hilo nalo lilimpendeza sana.

Sasa, ili mambo yasije yakamchanganya msomaji, yafaa ijulikane habari ya Kiti. Nchi za wenzetu hufungua madaraja kwa kukata utepe. Hapa nao utepe hukatwa, ila chini ya daraja, kando ya nguzo, huwekwa kiti cha mninga chenye mgongo mrefu, na mhandisi aliyelichora daraja hukaa hapo mpaka treni ya kwanza ipite juu ya kichwa chake. Akiwa amekaa, bendera ya kijani hupandishwa na treni huja. Akisimama, hupandishwa nyekundu na treni hukaa ilipo. Desturi hii iliachwa na mwasisi wa taifa, ambaye hakusoma lakini aliwajua wasomi. Ilisaidia. Wahandisi wezi wa saruji walipungua sana, baadhi kwa kuacha wizi, na baadhi chini ya madaraja.

Bendera nyekundu haikuwahi kupandishwa hata mara moja. Sheria ina kifungu kidogo kisemacho kwamba anayesimama ameikana kazi yake, na anayeikana kazi aliyopewa na Mtukufu amemkana Mtukufu. Kwa hiyo watu walikaa.

*

Daraja la Mto Mtulivu lilijadiliwa katika ukumbi wenye zulia jekundu, mfano wake wa mbao ukiwa mezani. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Reli na Mambo Yanayokwenda Mbele, Mheshimiwa Dokta Dokta Kasembe, aliyekuwa na udaktari wa mara mbili, wote kutoka chuo alichokifungua yeye.

"Ndugu Mhandisi," Waziri alisema, akiingiza kidole kwenye tundu la kwanza la ule mfano, "haya matundu matano ni ya nini?"

"Ya kupitisha maji, Mheshimiwa."

"Maji gani? Mimi juzi nimeuvuka mto huu viatu mkononi. Hata suruali haikulowa."

"Ni kweli, Mheshimiwa. Lakini tunachora kwa kufikiria mafuriko ya miaka mia. Yale makubwa."

"Ya miaka mia, yaani yanakuja mara moja katika miaka mia?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, kwa wastani, ila..."

"Ya mwisho yalikuja lini?"

Kondo aliyakumbuka vizuri. Ulikuwa mwaka ule mbuzi walipokutwa wakilia juu ya paa la stesheni. "Miaka kumi na miwili iliyopita, Mheshimiwa."

Waziri alitazama dari, midomo ikimchezacheza. "Basi bado themanini na minane," alisema.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Katibu Mkuu alitoa leso akafuta machozi, akasema wataalamu wamekaa na jambo hili miaka yote na hakuna aliyewahi kutoa kumi na mbili kwenye mia. Ikaamuliwa pale pale kwamba tundu moja linautosha mto, kwa heshima tu, na manne yazibwe kwa matofali mpaka mafuriko yatakapokaribia, ndipo yafunguliwe. Kwa muda huo yawe fremu za biashara.

Kondo alisikia masikio yanavuma. Alisimama. "Mheshimiwa, naomba radhi. Mafuriko hayana ratiba. Ni kama kurusha dadu. Ukipata sita leo, haina maana kesho huwezi kupata sita tena."

Katibu Mkuu aliacha kufuta machozi.

"Dadu?" Waziri aliuliza polepole. "Unachezea kamari daraja la Mtukufu?"

Hapo ndipo bwana mmoja mpole, aliyekuwa amekaa nyuma ya Kondo muda wote, alipomgusa bega. Alikuwa Bwana Mwalami wa Idara ya Salamu. Nchi nyingine zina polisi wa siri; nchi hii ina Idara ya Salamu, na kazi yake ni kumjulia mtu hali.

"Mhandisi, habari za siku nyingi," alisema Bwana Mwalami, akitabasamu. "Mama hajambo kule Kitomondo? Nasikia goti linamsumbua, na ile nyumba yake mlango wa nyuma haufungi vizuri. Na binti yako Zabibu? Kwaya inaendeleaje? Anaimba sauti ya pili vizuri sana yule mtoto."

Kondo hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari ya mlango wa nyuma. Alirudi kukaa kitini.

"Bado sijapata jibu lako, Ndugu Mhandisi," alisema Waziri.

"Ni sawa, Mheshimiwa," alisema Kondo. "Moja linatosha."

*

Daraja likajengwa. Tundu la kwanza likawa kwa kinyozi, la pili bucha, la tatu wakala wa kutuma pesa, na la nne tawi la chama, lililowekwa viti vya plastiki na picha ya Mtukufu akitazama upande wa maji. Tundu la tano likaachiwa mto. Kipimo cha kina cha maji kilichochorwa kwenye nguzo kilionekana kina namba za kutisha, hivyo zote zilizozidi kiuno cha mtu zikapakwa chokaa.

Kondo alikwenda kila wiki kukagua, na kila wiki alirudi amekonda. Alilijua jambo ambalo Wizara haikutaka kulijua. Maji ukiyabana hayapungui. Yanakimbia. Na yakikimbia huanza kuchimba, yakachimba mchanga ulioshika miguu ya nguzo, chini kwa chini, huku juu watu wakinyolewa. Tena alikuwa ameziona nyasi kavu juu ya matawi ya miti ya ukingoni, juu kuliko reli yenyewe.

Alijifariji na kiangazi. Treni ipite kiangazi, yeye akae kwenye kile kiti, atoke salama, halafu aombe uhamisho aende barabara za mbugani, kusikokuwa na mto. Kisha redio ikatangaza kwamba sherehe imesogezwa mpaka siku ya kuzaliwa kwa Mtukufu, na kwamba siku ya kuzaliwa kwa Mtukufu nayo imesogezwa, kwa ombi la wananchi, mpaka katikati ya masika. Treni ya kwanza ingewabeba watoto wa kwaya ya shule, wakiimba.

Mke wake, Mama Zabibu, alikuwa sebuleni akishona sare ya kwaya ya binti yao. Kondo aliongeza sauti ya redio, akakaa karibu naye.

"Baba Zabibu, tangu juzi huli. Una nini?"

"Daraja," alinong'ona. "Yakija maji, halisimami."

"Si uwaambie?"

"Niliwaambia. Wakanijulia hali ya mama."

Mama Zabibu aliacha kushona. Akasema, "Basi mtoto haendi. Nitasema ana homa."

"Yule mtoto wa kina Mzee Sefu aliugua wiki ya Mtukufu mwaka jana. Walikuja kumpima nyumbani, watu wanne, na kipimajoto chao. Mzee Sefu umemwona tena?"

Hawakuwa wamemwona. Redio ikaimba wimbo wa kuusifu mto. Mama Zabibu aliishika ile sare mapajani kama mtu anayempakata mtoto mwenyewe.

"Hebu niambie," alisema. "Anayekaa kwenye hicho kiti si wewe?"

"Ni mimi."

"Na ukisimama, treni si inasimama?"

"Hakuna aliyewahi kusimama, mke wangu. Unajua wanavyosema ukisimama."

"Najua. Lakini hao waliokaa hawakuwa na mwanangu juu yao."

Kondo aliinama. Alitaka amwahidi, lakini hakuahidi, kwa sababu aliwajua wale watu na alijijua mwenyewe.

*

Siku ilipofika jua lilikuwa kali. Mvua ilikuwa inanyesha mbali, kwenye milima ambako mto unatoka, na kwa kuwa huko hakuna wapiga kura hakuna aliyeuliza. Kondo alishushwa kwa ngazi ya chuma mpaka kwenye ukingo wa zege kando ya tundu la tano, akakalishwa kwenye kiti. Bwana Mwalami alishuka naye ili asiwe mpweke, ila yeye aliishia katikati ya ngazi. Juu ya tuta la reli alisimama mzee mmoja wa shirika mwenye bendera mbili, ya kijani ikiwa imechakaa kwa kazi na nyekundu ikiwa bado na mikunjo ya dukani.

Vipaza sauti vilikoroma, na sauti ya Waziri ikafika mpaka chini.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine wanajenga madaraja kwa kuyaogopa maji! Sisi tumejenga daraja kwa kuwapenda watu! Nani hapa amewahi kuyaona maji yakipiga kura? Nani amewahi kuyaona maji yakikata nywele? Tundu moja la maji, manne ya maendeleo! Hiyo ndiyo hesabu ya Mtukufu!"

Watu walipiga makofi na vigelegele. Kwenye fremu ya kwanza mashine ya kunyolea ilikuwa inalia. Kondo alikuwa akitazama maji. Asubuhi yalikuwa meupe na kokoto zilionekana. Sasa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Likapita povu. Likapita gunzi la hindi, halafu kandambili, halafu mche wa mgomba mzima ukiwa na mizizi yake. Chura alipanda juu ya kiatu chake akakaa. Harufu ya udongo mbichi ilijaa kila mahali.

"Bwana Mwalami," Kondo aliita. "Mto umejaa."

"Hapana, Mhandisi. Nimesoma kipimo. Namba zimeisha."

Maji yalifika kwenye miguu ya kiti. Yakafika kwenye soksi zake. Kondo aliweka kiganja kwenye nguzo iliyokuwa kando yake na akahisi inatetemeka, kidogo kidogo. Mwanzoni alidhani ni mkono wake. Akauondoa, akauegemeza mgongo wa kiti kwenye nguzo, na kiti nacho kikatetemeka. Mchanga ulikuwa unaondoka. Kwa mbali treni ilipiga honi.

Bendera ya kijani ikapanda.

Akawasikia watoto. Sauti zilikuja na upepo, zikapotea, zikaja tena, na katikati yake aliitambua ile sauti ya pili. Maji yakampanda magotini.

"Kaa hapo hapo, Mhandisi," alisema Bwana Mwalami kwa upole ule ule, ingawa naye sasa alikuwa amepanda vidato viwili zaidi. "Mama anakusalimia. Yuko na vijana wetu, wanamtengenezea mlango."

Baadaye wako waliosema kwamba Kondo Mwinchumu siku ile alikuwa shujaa. Si kweli, na yeye mwenyewe hukasirika akisikia. Alikuwa anaogopa kuliko siku zote za maisha yake. Alimwogopa Bwana Mwalami, akamwogopea mama yake, akaogopa jela, akaogopa fimbo. Lakini kwenye hofu zote hizo mlikuwa na moja iliyokuja ikiimba sauti ya pili, na hiyo ilizizidi nyingine uzito. Miguu yake ikaamua kabla yeye hajaamua. Akasimama kwa woga.

"Nimesimama!" alipiga kelele. "Mzee, nimesimama! Nyekundu! Tokeni madukani nyote, tokeni!"

Yule mzee wa bendera alimwangalia, akamwangalia Bwana Mwalami, akaziangalia bendera zake. Halafu mkono wake ukainua nyekundu, kwa sababu alikuwa amefundishwa hivyo ujanani na hakuna aliyewahi kumfundisha vingine. Breki zililia. Treni ilisimama, pua yake ikiwa karibu kabisa na daraja, na watoto wakanyamaza. Kinyozi akatoka mbio akifuatwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja, mwenye bucha akatoka na kisu chake, wakala akatoka, makada wakatoka na picha ya Mtukufu. Kondo alikuwa anapanda ngazi kwa mikono na meno wakati mti mzima ulipokuja na maji ukaziba lile tundu moja. Mto ukarudi nyuma kidogo, kama fahali anayejipanga. Kisha nguzo ikainama, ikalala, na daraja likaifuata pamoja na fremu zake zote.

Hakufa mtu. Bwana Mwalami, aliyeteleza kwenye ngazi, aliokolewa jioni akiwa amekikumbatia kibao cha Mto Mtulivu.

*

Tume ya uchunguzi iliongozwa na Dokta Dokta Kasembe, kwa kuwa ndiye aliyelifahamu jambo hilo kwa karibu. Ilifanya kazi kisayansi. Mashahidi wote waliulizwa swali moja: Mhandisi alipokuwa amekaa, daraja lilikuwaje? Limesimama. Aliposimama? Likaanguka. Hakuna shahidi aliyepingana na mwenzake. Tume ikaona kwamba daraja liliangushwa na kitendo cha Mhandisi kusimama, na Kondo akapelekwa jela. Mama yake aliachiwa, akarudi Kitomondo akakuta mlango wa nyuma umetengenezwa vizuri sana, ila sasa hufungwa kwa nje.

Kuhusu yale maji kulikuwa na ubishi. Kwanza Serikali ilikanusha kwamba ni mafuriko, kwa vile muda wake bado. Baadaye Waziri akapata wazo lililompatia nishani. Alisema ni busara kuyatambua, maana yakishatambuliwa ni kwamba ya karne hii yamekwisha kuja, na yanayofuata yatasubiri miaka mia kamili. Kwa hiyo daraja jipya halitahitaji tundu hata moja.

Wakaja jelani asubuhi moja, Waziri na Bwana Mwalami, huyu wa pili mkono ukiwa umefungwa bendeji. Walikuwa na mchoro. Ulikuwa ukuta tu, toka ukingo hadi ukingo, umejaa fremu. Ilihitajika sahihi ya mhandisi wa maji, na wengine wote wa shirika walikuwa wameacha kazi wakaenda kulima.

"Weka sahihi uende nyumbani," alisema Waziri. "Kiti kimepatikana huko chini, hakina hata mkwaruzo. Mninga ni mninga. Tume imependekeza marekebisho madogo tu ya kitaalamu." Akamwonyesha kwenye mchoro. Kiti kilikuwa kimeongezewa mikanda, miwili ya kifua na miwili ya mapaja, ikifungwa kwa nyuma.

"Na treni ya kwanza?" Kondo aliuliza.

"Kwaya," alisema Bwana Mwalami. "Watoto hawakumaliza wimbo. Mama Zabibu anashona sare mpya. Leo amepika mbaazi, anakusubiri."

Kondo alitetemeka mpaka benchi likagonga ukuta. Kalamu ilikuwa mbele yake, na maisha yake yote alikuwa hajawahi kuikataa kalamu iliyosogezwa na mkubwa. Akaiweka mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Mheshimiwa," alisema, macho ameyafumba kwa hofu, "Tume ilisema nikikaa daraja halianguki. Basi nimekaa."

Walimsubiri mpaka mchana. Wakarudi kesho yake, na wiki iliyofuata, wakamkuta vile vile. Yuko huko mpaka leo, anaogopa kama zamani, na akisikia viatu vya askari kwenye korido huikalia mikono kabla mlango haujafunguliwa. Bila sahihi yake ujenzi haujaanza. Treni huishia upande huu wa mto, na watu huteremka wakavuka kwa miguu, viatu mkononi. Watoto wa shule nao huvuka hapo hapo, lakini kwanza husimama ukingoni, huinua macho kwenye matawi ya miti, halafu huyatazama maji yana rangi gani. Zabibu ndiye anayewaambia lini wavuke.